Sadaka Iliyotemwa Mara Mbili

Sitamchosha msomaji kwa habari za jinsi nilivyofika Tazamani. Njia za kwenda huko ni nyingi, na wengi wamewahi kufika bila kujua. Itoshe kusema kwamba niliondoka kwetu milimani nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mabati.

Mimi ni mzee wa kanisa kwa mwaka wa ishirini na sita sasa. Jirani yangu Mwaisumo, ambaye tulibatizwa naye siku moja, alilitolea kanisa letu mabati ya paa zima, na Mchungaji akamtaja mara tatu katika ibada moja. Mimi nilikuwa nimetoa ng'ombe wawili kwa miaka miwili mfululizo, nikatajwa mara moja, tena nikiwa nimechanganywa na wengine. Nasema ukweli, niliumia. Kila mvua iliponyesha tukiwa ndani niliisikia juu ya yale mabati ikisema Mwaisumo, Mwaisumo. Nikaapa kwamba nitaleta kengele, kengele kubwa ambayo Mwaisumo ataisikia akiwa kitandani kwake na kujifunika shuka kichwani.

Tazamani ni nchi ya Wakristo wacha Mungu. Wanaimba vizuri, wanafunga vizuri, na mgeni kwao hupewa kiti cha mbele kanisani. Nilikipenda kile kiti. Ibada yao huanza kwa sala na neno fupi, kisha hufuata sadaka, ambayo huchukua muda mrefu kuliko vingine vyote vikijumlishwa.

Ubavuni mwa meza ya Bwana kuna benchi. Juu yake huketi wanaume saba, kola zimefunguliwa, videvu vimeinuliwa, shingo zimepakwa unga mweupe wa muhogo, na kila mmoja ana funda la maji mdomoni. Hao ndio Mashahidi. Mtoaji anapopita na sadaka yake, Mpimaji Mkuu husimama mbele ya benchi na fimbo yake, akitazama vikoromeo. Shahidi akitamani ile sadaka iwe yake, au akiumia kwamba si yeye aliyeileta, koo humsaliti, akameza. Mpimaji hugonga sakafu kwa fimbo na kanisa zima huitikia, "Koo moja!" Sadaka ya makoo saba huimbiwa wimbo wa beti zote. Lakini ikipita bila koo hata moja kucheza, Mashahidi huyatema maji yao kwenye beseni, na mwenye sadaka huichukua akarudi nayo. Hiyo huitwa sadaka iliyotemwa.

Wanawake hawaketi kwenye lile benchi, kwa kuwa vikoromeo vyao havionekani. Niliambiwa kwamba huko ni kuwaheshimu.

Jumapili yangu ya kwanza, tajiri mmoja aitwaye Obadia alileta kengele. Ilikuwa ya shaba, imeng'arishwa, imebebwa na vijana wanne kwa mti. Mimi sikuwa shahidi wala sikuwa na maji mdomoni, lakini nilimeza mate kwa sauti iliyowafanya waliokuwa barazani wageuke. Mpimaji Mkuu akasahau benchi lake. Akanisogelea, akaliangalia koo langu kama mtu anayekagua fahali wa mbegu.

"Ndugu mgeni," akasema, "koo la namna hii hatujalipata tangu marehemu baba yangu."

Juma lile lile nikaapishwa kuwa shahidi wa saba, mahali pa mmoja aliyekuwa amezeeka. Kwetu mwenye wivu huambiwa akajinyonge. Tazamani hupewa kiti. Sitaficha kwamba nilifurahi. Maisha yangu yote nilikuwa nimekificha kijicho changu kama mtu anayeficha kidonda, na sasa kimepata kazi, tena kazi ya kanisani.

Mpimaji Mkuu aliitwa Bwana Eliakimu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwuliza maana ya utaratibu ule.

"Wewe kwenu sadaka unamtolea nani?" akaniuliza.

"Mungu."

"Na utajuaje kwamba ameipokea?"

Nikatazama juu darini.

"Unaona? Mungu hasemi. Koo la jirani linasema. Sisi hatutaki kumsumbua Mungu kwa maswali ambayo jirani anaweza kuyajibu."

Nikamwambia kwamba kwetu tuna msemo: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Akauliza huo moyo unaonekanaje. Nikamwonyesha kifua changu. Akakitazama kwa makini kabisa, akafuta miwani, akatazama tena, kisha akasema kwa upole kwamba haoni kitu.

Nyuma ya kanisa walinionyesha ghala la sadaka zilizopokewa. Kulikuwa na makabati ya vioo, makochi ambayo bado yana nailoni, majogoo wa rangi ambao hawajui kuwika, na kengele kumi na moja, ya Obadia ikiwa ya kumi na mbili. Kanisa lenyewe linavuja. Nilipouliza kwa nini hakuna anayetoa misumari, wazee walicheka wakashikana mabega. Nani atamezea mate misumari? Walikuwa katika mjadala mzito zaidi wakati ule, baina ya Waonaji, wanaosema koo lihesabiwe likionekana, na Wasikiaji, wanaosema mpaka lisikike. Mjadala huo umegawa ndoa kadhaa. Mimi niliombwa maoni na kambi zote mbili, kwa sababu koo langu linaonekana na kusikika, na nikawa mtu wa kualikwa chakula kila siku.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya Mama Ketura.

Msomaji aijue kwanza sheria ya neema. Tazamani kila sadaka huletwa kwa ajili ya jambo: mtoto aliyepona, shamba lililozaa, safari njema. Mtoaji hulitaja jambo lake mbele ya benchi. Sadaka yake ikitemwa mara tatu, huamuliwa kwamba ameshindwa kushukuru, na neema yenyewe huondolewa kwake ikapewa mtu mwenye uwezo wa kuishukuru. Nilimwona mzee mmoja aliyenyang'anywa shamba la kahawa kwa njia hiyo. Alikuwa akipita kando yake kila siku akiinua kofia, kwa adabu.

Mama Ketura alikuwa mjane. Mwaka wa ukame, alipokuwa akichimba shimo la magimbi nyuma ya jiko lake, maji yalitoka. Hayakuwa maji ya kuchuruzika. Ilikuwa chemchemi, baridi, tamu, isiyokauka. Mji mzima ulichota pale, na unachota mpaka leo. Hata maji tuliyoweka mdomoni kwenye benchi yalitoka kwake. Basi akaja kushukuru. Jumapili ya kwanza alileta magimbi, makubwa, yameoshwa. Benchi zima tukatema. Jumapili ya pili alileta mkeka aliousuka mwenyewe. Tukatema. Nami nilitema kwa nguvu kuliko wenzangu, maana nilikuwa mgeni katika kazi na nilitaka waone kwamba simezi ovyo.

Ikabaki mara moja. Na aliyekuwa ameandika barua kuiomba ile chemchemi, endapo mjane atashindwa, alikuwa Obadia. Tayari alikuwa ameagiza ukuta na lango.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kunywa maji kwake. Nilimkuta ameinama akimsaidia jirani kujitwisha ndoo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye pengo mbele na kicheko cha karibu.

"Karibu, baba. Wewe si ndiye yule wa benchi? Unatema kweli kweli wewe! Mpaka mkeka wangu uliloa."

Niliona haya, nikaanza kumpa ushauri, kama wafanyavyo watu wenye haya. Nikamwambia tatizo lake nimelitambua, maana wivu ni taaluma yangu. "Mama, watu hawawezi kuonea wivu kitu wanachokichota bure. Zungushia miiba. Funga leo tu. Watu wakeshe na kiu. Kesho ukipita na mtungi mmoja wa maji haya, makoo yote saba yatameza, na chemchemi itabaki kuwa yako."

Akaishusha kata ya kibuyu aliyokuwa ameishika.

"Yaani niwanyime watu maji, ili Mungu ajue kwamba nashukuru?"

"Ni siku moja tu, mama."

"Na huyu hapa," akamwonyesha jirani aliyekuwa akiondoka na ndoo, "nimwambie nini? Kwamba rudi nyumbani, niko kwenye ibada?"

"Watakunyang'anya."

"Najua, baba. Usiku silali nikifikiri hilo." Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. "Obadia akijenga lango lake, hawa watakunywa wapi? Hilo ndilo linaloniuma. Lakini siwezi kushukuru kwa kufunga mlango. Sijui kushukuru kwa namna hiyo. Kesho nitapeleka maji yenyewe, basi. Sina kingine. Kunywa, utachelewa."

Nikanywa. Nikaondoka nimeudhika naye, jinsi tunavyoudhika na mtu anayekataa ushauri mzuri.

Jioni ya siku hiyo hiyo, kabla ya jua kutua, Obadia alinikuta barazani kwangu. Hakuzunguka.

"Nasikia kwenu una jirani mwenye mabati."

Nilikuwa nimemsimulia Eliakimu, na Tazamani hakuna siri ya kijicho. Huko ni habari za kusomwa hadharani.

"Kengele yangu imekaa ghalani bure," akaendelea. "Wazee wamekubali niichukue nikupe. Wale sita wengine shingo zao nazifahamu, ni za mawe. Wewe tu koo lako linatisha. Kesho mjane akipita, funda lako likae mahali pake, ukateme. Jumatatu kengele inaondoka nawe."

Nitaandika hapa nilivyowaza, ingawa si vizuri. Niliiona kengele juu ya mnara wa kanisa letu. Nilimwona Mwaisumo akishtuka kitandani. Nikamwambia Obadia kwamba sioni sababu ya kumezea mate mtungi wa maji, na nilisema kweli. Akacheka, akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Kesho yake nikaketi kwenye benchi, shingo nyeupe, kidevu juu, funda mdomoni. Kengele walikuwa wameitoa ghalani na kuiweka mlangoni, mahali ambapo ningeiona vizuri. Obadia aliketi karibu nayo.

Mama Ketura akaitwa. Akaingia na mtungi kichwani.

Watu wote wa Tazamani, wanapopita na sadaka, hutembea polepole, na jicho moja huwa kwenye benchi. Hata watoto hufundishwa hivyo, miguu mbele, jicho pembeni. Yule mjane aliingia akiimba. Hakuimba vizuri, wimbo ulikuwa wa kanisa lakini alikuwa ameupandisha mno, na penye maneno asiyoyajua aliweka mengine. Mtungi ulikuwa umejaa kupita kiasi, maji yakamwagika usoni na kifuani, naye akawa anacheka katikati ya wimbo kwa sababu ya ubaridi. Alipopita mbele yetu sisi saba, wenye amri ya kumnyang'anya, hakututazama. Sidhani alitudharau. Nadhani alikuwa ametusahau.

Akautua mtungi mezani. Akaushika kwa viganja, kama mtu anayemshika mtoto mashavu, akasema, "Baba, ndiyo haya uliyonipa. Matamu kweli." Basi. Akageuka, akaona mzee wa mlangoni anakohoa, akachota kikombe kimoja kutoka katika sadaka ile ile akampelekea.

Nami nikiwa nimekaa pale, nikaanza kuhesabu. Miaka ishirini na sita nimepeleka vitu mezani. Nimepeleka ndizi, maziwa, ng'ombe wawili. Sijawahi hata siku moja kufika kwenye ile meza bila kutazama pembeni. Sijawahi kumwambia Mungu kwamba kitu ni kitamu. Na mwanamke huyu, asiye na mkeka unaomezewa mate, anaingia tu na kukifanya kile ambacho mimi nimekihangaikia maisha yangu yote nisikipate! Nilimwonea wivu ambao sikuwahi kumwonea Mwaisumo wala mabati yake. Ulinichoma mpaka macho.

Nikameza.

Walioketi nyuma kabisa walisikia, na Waonaji na Wasikiaji kwa mara ya kwanza hawakuwa na ubishi. Fimbo ikagonga sakafu. Lakini kabla kanisa halijaitikia, Obadia alisimama.

"Amepaliwa!" akapiga kelele. "Mgeni amepaliwa na maji! Aulizwe!"

Sheria inaruhusu. Koo la aliyepaliwa halihesabiwi. Eliakimu akanijia, akaniinamia.

"Shahidi, umepaliwa?"

Nilitazama mlangoni. Kengele ilikuwa inang'aa. Neno moja tu lilihitajika, na hakuna ambaye angenilaumu. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia mjane, au niliwafikiria wenye ndoo. Hapana. Nilikuwa na wivu tu, na ukweli ni kwamba baada ya kukiona kile alichokuwa nacho yule mama, kengele ilionekana kama sufuria.

"Sikupaliwa," nikasema. "Nimemwonea wivu."

"Umeonea wivu nini? Taja kitu. Maji?"

"Maji nayanywa kila siku."

"Mtungi?"

"Una ufa."

"Basi nini?"

"Hakututazama," nikasema. "Amekuja mpaka mezani na hakututazama. Nakitaka hicho."

Kukawa na mjadala wa saa nzima. Wengine walisema kitu kisichokaa juu ya meza si sadaka. Wengine walisema shahidi hawezi kumezea mate kitu ambacho hakipo, kwa hiyo kipo. Wakamwita Mama Ketura akiweke mezani kionekane. Akapekua mikononi mwake kwa wasiwasi, akasema samahani, yeye ameleta maji tu, na kama kuna kingine kimeanguka njiani hajakiona. Mwishowe Eliakimu akavua miwani, akasema sheria haiulizi koo limemeza nini. Inauliza limemeza au halikumeza.

"Koo moja!" kanisa likaitikia, bila shangwe.

Sadaka ikapokewa. Chemchemi ikabaki kwa mjane, bila lango. Kengele ikarudi ghalani, na Obadia akatoka bila kumuaga mtu.

Lakini Tazamani kuna kifungu kimoja ambacho nilikuwa nimekisahau. Shahidi mgeni akimeza, hufungwa na sheria ya wenyeji: aliyeionea wivu sadaka ya mwenzake sharti alete kubwa kuliko hiyo, ya aina ile ile, kabla mwaka haujaisha. Ndivyo makabati na kengele zilivyozaliana. Eliakimu alinisomea hukumu kwa huruma. Nitaleta sadaka bila kutazama pembeni, na niilete kwa furaha kuliko ya Mama Ketura. Kwa kuwa naondoka, naweza kuitolea kwetu.

Nilipita kumuaga mjane. Alikuwa akichota. Nikamwuliza, kwa unyenyekevu ambao haukuwa kawaida yangu, anafanyaje.

"Nafanyaje nini, baba?"

"Ile. Ya jana."

Akafikiri sana, mpaka kata ikafurika. "Sijui," akasema. "Nilikuwa nimefurahi. Maji yalikuwa baridi. Nilikuwa nikifikiri ingekuwaje kama nisingechimba magimbi mahali pale." Kisha akanipa maji ya njiani katika chupa, akanionya nisiyamwage.

Nimerudi nyumbani sasa ni mwezi wa kumi na moja. Nimejaribu. Nimepeleka viazi huku nimefumba macho, nikajikwaa kwenye kiti cha kinanda. Nimepeleka maziwa huku nikiimba, nikajikuta nasikiliza kama nasikika. Mke wangu anasema nimekuwa mtu wa ajabu. Misumari nimepeleka kwa siri kabisa, kisha nikamwambia mtu mmoja, ili ajue ni siri.

Jumapili iliyopita tulikuwa na sikukuu ya mavuno. Nilibeba mkungu wa ndizi begani, mzito, wa kwanza kutoka mgomba uliolazwa na upepo nikauwekea nguzo, nami nikadhani umekufa. Nilikuwa nikiukumbuka ule mgomba jinsi ulivyoinuka. Nilivuka viti vya wanakwaya bila kutazama popote. Nilivuka benchi la akina mama. Nikafika hatua mbili kutoka mezani, shingo yangu ikageuka yenyewe, kama mlango usio na komeo, kumtafuta Mwaisumo nione koo lake.

Alikuwa mahali pake, chini ya mabati yake, na mvua ilikuwa inanyesha. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameinua uso, macho ameyafumba, anaimba kwa sauti mbaya, mashavu yamelowa, na mkononi ameshika mahindi matatu yasiyo na maana yoyote, akisubiri zamu yake kama mtoto anayesubiri kuitwa kucheza. Sidhani alikuwa akijua kwamba kuna mvua, wala kwamba mabati ni yake.

Nikameza mate.

Katika mwaka niliopewa zimebaki Jumapili nne.